Ndizi Nilizoivisha Bila Pua

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali na kitambaa umekivuta hadi kwenye nyusi, sogea nikuambie. Mimi nimekaa pale misimu miwili ya mvua na kitambaa changu nimekivuta hivyo hivyo. Naitwa Bosibori. Nilisoma hadi darasa la tatu, nikatolewa nikalee watoto wa dada yangu. Nyumba yangu ya matofali nimeijenga kwa ndizi, na hakuna mtu hapa kijijini Nyakoe atakayekwambia alinibebea hata tofali moja. Naandika kwenye daftari, mistari michache kwa siku, kwa sababu macho yanachoka, na kwa sababu mama wa mazoezi kule hospitalini alisema kuandika nako ni dawa. Ukiona mahali nimeruka, jua siku hiyo kichwa kilikuwa kibaya.

Nilitaka jambo moja tu: kujua kichwa changu kina nini. Lakini nilitaka nijue bila kusema ukweli. Mizigo hiyo miwili haibebwi pamoja, na mimi nimebeba mizigo mingi.

Ilianza kwa majina. Siku moja ya mvua za masika nilisimama mlangoni kumwita Moraa, mke wa mwanangu Onyancha, ambaye tunakaa naye boma moja. Nikamwita kwa jina la ng'ombe. Si mara moja, mara tatu, na mara ya tatu ng'ombe ndiye aliyegeuka. Moraa alicheka, nami nikacheka. Baada ya wiki nikamwita tena hivyo, na safari hii hakuna aliyecheka.

Kisha mguu wa kushoto ukaanza kwenda unakotaka. Mwanga wa jua juu ya mabati ukawa kama mtu ananichoma na sindano. Siku ya soko kelele ziliniingia zote kwa pamoja, sikuweza tena kutofautisha anayeniuliza ndizi na anayemtukana jirani. Na hasira. Nilimrushia Onyancha sufuria kwa sababu aliniuliza kama nimekula. Mimi ni mkali, hilo nalijua, lakini ukali wangu siku zote ulikuwa na sababu. Huu ulikuwa unakuja peke yake.

Onyancha alisema ni uzee. Wanawake wa kanisa walisema kuna mtu ameona nyumba yangu ya matofali na hakupenda. Mimi nilitaka kuona mwenyewe. Nilifunga macho nikasimama kwa mguu mmoja nyuma ya jikoni, nikaanguka kwenye majani ya chai. Nikajaribu asubuhi, nikajaribu jioni, nikajaribu nikiwa nimeshiba na nikiwa na njaa. Nikagundua asubuhi naanguka kidogo, jioni naanguka sana. Mtu akiniona angesema omong'ina, yaani huyu mama mzee, amepata wazimu. Nilikuwa natafuta.

Kuna jambo jingine ambalo sikulitafuta kwa sababu nilikuwa nimelizoea. Pua yangu haifanyi kazi. Haijafanya kazi tangu Onyancha akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

Hapo lazima nikueleze kazi yangu. Ndizi za kuiva tunazivundika shimoni. Unachimba, unatandika majani makavu ya mgomba, unapanga mikungu, unatia moshi kidogo, unafunika kwa majani na udongo. Kujua siku ya kufungua ndiyo kazi yenyewe. Ukiwahi ni ngumu, ukichelewa zimekuwa uji. Wanawake wengine wote hupiga magoti, wakaweka pua kwenye tundu, wakajua. Mimi pua iliponikataa sikumwambia mtu. Nilijifunza kuingiza mkono kwenye tundu hadi kwenye kiwiko, nikafumba macho, nikasikia joto. Ndizi inayoiva hutoa joto lake, kama mtoto mwenye homa ndogo. Mkono wangu haukukosea. Walikuja watu hadi kutoka Masimba kuchukua ndizi zangu, wakasema Bosibori ana dawa. Niliwaacha waseme. Hata binti yangu wa kuzaa sikumwonyesha mkono ule. Nilikuwa naingia shimoni peke yangu.

Hata mzee wangu, baba yake Onyancha, alipofariki, pua ndiyo iliyoniletea sifa. Mwili ulikawia njiani kwa sababu ya mvua na barabara, na ulipofika nyumbani wanawake walijifunika nyuso kwa leso. Mimi nilikaa kichwani pa jeneza mchana kutwa bila leso. Wakasema, tazameni mapenzi. Hayakuwa mapenzi. Sikusikia harufu yoyote.

Basi nikaenda hospitali kubwa ya mjini. Kwanza nilipita zahanati mbili, na kote nilisema tu kichwa kinauma. Nikatibiwa malaria, nikatibiwa presha. Siwalaumu. Mtu hupimwa kile alichosema.

Kwenye benchi la mjini unajifunza mengi. Unajifunza kwamba nafasi karibu na dirisha ni mbaya kwa mwenye kichwa. Unajifunza kubeba ndizi mbili na maji. Mama mmoja kutoka Nyamira alikuwa akinishikia zamu kila nikienda msalani, na kwa miezi minne hatukuulizana majina. Siku moja mwanga ulinizidi nikafunika uso kwa mikono. Yule mama aliona. Alihamia upande wa dirisha akakaa pale, mtu mnene, akawa pazia langu hadi saa nane. Rehema za hospitali ni za namna hiyo.

Daktari wangu ni binti wa upande wa ziwani, Daktari Atieno. Siku ya kwanza alinitazama nikitembea, akanigusa magoti kwa kinyundo, akaniambia nifuate kidole chake kwa macho. Kisha akauliza, "Mama, umewahi kugongwa kichwani?"

"Nilianguka," nikasema.

"Lini?"

"Zamani. Nilikuwa natoka mtoni na mtungi."

"Mara ngapi?"

"Mtu huanguka na mtungi mmoja mara ngapi?"

Akacheka. "Ninyi Wakisii, mnajibu swali kwa swali."

"Na ninyi mkila samaki sana mnauliza sana."

Tulipatana tangu siku hiyo. Lakini aliandika "alianguka", na mimi nikaona akiandika.

Akanituma kwenye picha ya kichwa. Unalala, kitanda kinakuingiza kwenye duara kama mkate kwenye tanuri. Wengine huogopa. Mimi nilimuuliza kijana wa mashine maswali hadi akaniomba ninyamaze nisitingishe kidevu. Picha ilipotoka Daktari Atieno aliiweka kwenye mwanga, na nilipenda sana kuiona. Mtu anakaa na kichwa chake maisha yote bila kujua kinafanana na nini kwa ndani. Daktari alisema kinafanana na walnati, aina ya kokwa. Sijui walnati. Nilisema kinafanana na matumbo ya kuku, naye akasema hapana, lakini ninaelewa kwa nini unasema hivyo.

Kisha akaweka kidole nyuma, kwenye kisogo. "Hapa mfupa umekwanguliwa. Ni nani aliyekufungua kichwa?"

"Omobari," nikasema.

Hakujua. Nikamweleza kwa fahari, kwa sababu kwetu jambo hili lilikuwepo kabla hospitali haijachimbiwa msingi. Omobari ni mtaalamu wa vichwa. Mtu akigongwa na maumivu yakikataa kuisha, humkata ngozi kwa kisu, akakwangua mfupa taratibu hadi pabaya pametoka, akafunga kwa dawa za majani. Wangu alikuwa mzee wa mlimani upande wa Ogembo. Mama mkwe wangu ndiye aliyenipeleka, Onyancha akiwa mgongoni mwangu.

"Na alikwangua hapa kwa sababu hapa ndipo ulipogongwa?"

Nikasema ndiyo.

Daktari akatazama picha tena. "Hapa ni pazima, mama. Hapakuwa na kitu. Makovu ya ndani nayaona hapa, juu ya sikio la kushoto, na hapa mbele karibu na macho. Na si kovu moja. Nikijua uligongwa na nini, na mara ngapi, nitajua pa kutafuta na cha kukupa. Sasa hivi natembea gizani."

Nikavuta kitambaa. Nikasema, "Nilianguka."

Ngoja niseme hapa kile ambacho sikumwambia. Yule mzee omobari hakugusa kisu kabla ya kuuliza. Aliniuliza mimi, si mama mkwe, "Mwanangu, ulipigwa na nini?" Mama mkwe akajibu kwamba nilianguka kinyumenyume na mtungi. Mzee akapitisha vidole vyake kichwani mwangu polepole kama anayechagua maharage. Vilisimama juu ya sikio la kushoto. Vikasimama tena. Akasema, "Mtungi humwangusha mtu mara moja." Kisha akaniambia nionyeshe mwenyewe panapouma, kwa sababu ndivyo inavyofanywa, mgonjwa ndiye anayeonyesha.

Mzee wangu alikuwa anatumia mkono wa kulia. Fimbo ilikuwa ya mti wa mchai uliokauka, ngumu kama chuma, na ilitua kushoto. Lakini aliyeanguka kinyumenyume hupasuka kisogo. Nikaonyesha kisogo. Mzee akakwaruza kidogo, akasimama. "Hapa mfupa hauna shida. Una hakika?" Nikasema nina hakika. Nilimwacha akwangue mfupa usio na jeraha ili uongo wangu ukae sawa. Kilio nilicholia siku hiyo kilikuwa cha bure kabisa.

Nilinyamaza kwa sababu gani? Watu watasema hofu. Mwanzoni ilikuwa hofu. Lakini mzee wangu yuko chini ya ardhi mwaka wa tisa sasa, na mtu wa kaburini hashiki fimbo. Iliyobaki ilikuwa fahari. Kanisani ni mimi niliyekuwa nawashauri maharusi. Wanawake waliopigwa waliletwa kwangu, nami nilikuwa nawaambia, "Mimi sikupigwa hata siku moja, kwa sababu nilijua kuishi na mtu. Rudi nyumbani kwako ujifunze." Niliwarudisha. Sasa ningeanzia wapi?

Hivyo nikawa naenda na kurudi. Baridi ya Julai ikapita, mahindi yakavunwa, mvua za vuli zikaja kila alasiri kama kawaida yake. Vidonge vilipunguza maumivu kidogo. Kichwa kilibaki na siri yake na mimi nikabaki na yangu.

Mguu uliponikataza kuinama, ikabidi nimpe Moraa kazi ya shimo. Nilimwambia angojee siku tatu, aweke pua kwenye tundu kama wanawake wote wanavyofanya, aniambie. Nilikaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa mabati nikimtazama kwa mbali.

Moraa alipiga magoti. Aliweka uso kwenye tundu. Akauinua. Akatazama huku na huku, akadhani nasinzia. Kisha akakunja mkono wa sweta, akauingiza mkono tunduni hadi kwenye kiwiko, akafumba macho.

Mkono ule sikumfundisha. Sikumfundisha mtu. Ni mkono wa asiye na pua.

Na hapo kumbukumbu zilizokuwa zimetawanyika zikaja zenyewe: maziwa yaliyoungua akiwa amesimama kando ya jiko. Kitambaa ndani ya nyumba wakati wa joto. Mwezi wa nne, jeraha kwenye nyusi, "nimeteleza bafuni, mama." Nami nilimwamini? Hapana. Kwetu kuna chinsoni, haya ambayo humkataza mzazi kuchungulia mambo ya nyumba ya mtoto aliyeoa. Ni desturi nzuri. Nilijificha ndani yake kama mtu anayejificha nyuma ya mgomba huku miguu inaonekana.

"Moraa," nikamwita, na jina lilitoka sawa. "Ni nani aliyekufundisha kuweka mkono?"

Akashtuka. "Hakuna, mama. Naona unasaidia."

"Na pua?"

"Pua ina mafua."

"Tangu lini?"

Akavunjavunja jani kavu. "Tangu nilipoanguka."

Tukatazamana. Nilikuwa na maneno mengi ya kushauri maharusi, sikutumia hata moja. Nikasema, "Kesho vaa viatu. Tunaenda mjini wote wawili."

Asubuhi kwenye benchi, Moraa alivuta kitambaa chake hadi kwenye nyusi. Mama wa Nyamira alitutazama, akanitazama mimi, akamtazama Moraa, akasogea tukakaa.

Daktari Atieno alidhani nimekuja kwa ajili yangu. Nikasema, "Leo ni huyu." Akamtazama Moraa, akauliza lile swali lake, taratibu: "Umewahi kugongwa kichwani?"

Moraa akafungua mdomo. Nililiona neno likija. Nalijua tangu linapotoka tumboni.

Nikavua kitambaa changu. Sikuwa nimewahi kuvua kitambaa mbele ya mke wa mwanangu. Nikashika mkono wa daktari nikauweka juu ya sikio langu la kushoto, mahali vidole vya yule mzee viliposimama. "Andika," nikasema. "Fimbo ya mchai. Si mara moja. Miaka kumi na zaidi, hadi mkono wake ulipochoka. Kisogo nilikionyesha kwa uongo. Sikuwahi kuanguka na mtungi. Mtungi wangu niliurithi kwa nyanya yangu na upo hadi leo, mzima."

Daktari hakuandika. Alikuwa ananisikiliza tu.

"Na huyu," nikasema, "aliyempiga ni mwanangu. Nimemzaa mimi. Sasa muulize tena."

Moraa hakulia haraka. Alivua kitambaa chake akakikunja mara nne juu ya magoti, kwa makini, kama anayekunja nguo ya kanisa. Kisha akasema, "Mara tano. Mara ya tano sikumbuki, niliambiwa na watoto."

Siku hiyo ndiyo matibabu yangu yalipoanza. Zile safari zote za kabla nazihesabu kama nauli ya ukaidi. Daktari alibadilisha dawa, akanipeleka kwa mama wa mazoezi, ambaye hunitembeza juu ya mstari wa chaki na kunipa majina kumi ya kukumbuka. Daktari alinieleza pia habari ya pua: nyuzi zake ni nyembamba, kichwa kikitikiswa kwa nguvu hukatika kama mizizi ya mche uliong'olewa vibaya. Nikauliza kama huota tena. Akasema zangu hapana, ni za zamani sana. Za Moraa, labda, tungoje.

Onyancha nilimwita jikoni kwangu, mchana, mlango wazi. Nikamwambia akae. Akakaa.

"Mama, mambo ya nyumba yangu..."

"Nyumba yako imejengwa kwenye boma langu. Nyamaza."

"Hata baba..."

"Ndiyo. Hata baba. Uliona?"

Alitazama moto. Ni mtu mzima, ana mvi mbili. "Niliona," akasema. "Ulikuwa unasema umeanguka. Nikajua ndivyo inavyosemwa."

Neno hilo lilinipiga kuliko fimbo, na sitaliandika mara mbili. Nilimwambia aondoke bomani siku ile ile. Moraa na watoto walikwenda kwanza kwa kaka yake kule Nyamira, kwa sababu daktari alisema kichwa kilichogongwa kikigongwa tena huweza kuzimika moja kwa moja. Kesi iko kwa polisi, Moraa aliifungua mwenyewe, mimi nilikwenda kama shahidi. Mashemeji zangu hawanisalimii. Kanisani nilisimama nikawaambia wale wanawake niliowarudisha kwamba niliwadanganya. Wawili walinisamehe. Mmoja alitoka nje, na ana haki. Mwanangu anakaa mbali sasa, anatuma salamu. Nampenda, na geti sijamfungulia.

Moraa alirudi chai ilipokwisha kupogolewa na majani mapya yakatoka, akaja kukaa nyumbani kwangu, chumba cha mbele, kwa hiari yake. Siku zingine mimi ndiye nasahau sufuria motoni, siku zingine yeye. Mtoto mkubwa ametuwekea sheria: hakuna kuwasha jiko bila mmoja kukaa na kulitazama. Tunaitii. Bado namwita kwa jina la ng'ombe mara moja moja, naye huitika moo.

Ewe wa kwenye benchi, ukiulizwa lile swali, jibu. Daktari na omobari hutafuta pale unapoonyesha. Usiwaonyeshe kisogo.

Juzi tulikwenda shimoni. Ilikuwa siku ya pili tu tangu kuvundika. Moraa aliinama kwenye tundu kwa mazoea, kabla hajakunja sweta, akainua kichwa ghafla.

"Mama, zimeiva."

"Umeangalia?"

"Nimenusa."

Nikapiga magoti, mguu ukilalamika, nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ilikuwa baridi kule ndani, joto kidogo tu upande wa chini. "Hazijaiva. Bado siku mbili."

Akainama tena, pua yote tunduni. "Basi nimenusa nini?"

"Sijui. Kikoje?"

"Ni kama... kitu kilicholowa. Halafu kikavu. Kinakwaruza."

Nikaweka pua yangu kando ya yake, nikavuta pumzi ndefu. Hakuna kitu, kama kawaida. "Kilicholowa ni majani ya mgomba," nikamwambia. "Kinachokwaruza ni moshi."

Nikakaa chini kwenye udongo, nikanyoosha mguu. "Endelea," nikasema. "Niambie na kingine."